Aksanti yenye jina: kushukuru kwa ajili ya nyumbani ukiwa umetumwa mbali na Bukavu

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, aksanti (asante) ni neno la kila saa, na watoto wanaoitwa Aksanti wapo wengi. Ndiyo maana padiri, sista, furere (mtawa wa kiume asiye padiri) au mlei anayeagwa parokiani kwenda kutumika nje hafikirii kwamba shukrani nayo inaweza kupungua kama unga mfukoni. Inapungua. Miezi miwili ya kwanza hujaa picha na salamu. Kufikia wa tatu au wa nne, nyumbani kumekuwa ama kidonda, kila ukisikia jina la Kadutu, mtaa wetu, unataka kulia, ama mungu mdogo, kila kitu cha wenyeji unakipima kwa Bukavu na kukiona pungufu. Yote mawili watu huyaita kupenda kwao, lakini hakuna shukrani ndani yake.

Haya ni mafunzo yetu tuliotumwa, kwa ajili ya wale wenye barua ya utume mkononi na sanduku ambalo halijafungwa. Hatusimulii ya fulani na fulani. Tunasema kinachosaidia na kinachoharibika.

Tuanze na sala, kwa kuwa ndiko shukrani inakofia kwanza bila mtu kujua. Wajezuiti wamelea vijana wengi wa mji huu pale Koleji Alfajiri, na askofu mkuu Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa Mjezuiti. Basi wengi tunaijua ile sala ya kuchunguza siku ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika lao: unashukuru, unaomba mwanga, unapitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, unapanga kesho. Dakika 15 zinatosha. Watu wakichoka hubakiza msamaha na mipango, wakaikata shukrani wakidhani ni utangulizi tu. Ignasi aliiweka ya kwanza kwa makusudi. Anayeanza na makosa yake, tena katika nchi ya ugeni ambamo kila siku amekosea lugha, basi na adabu ya mezani, atamaliza sala akiwa mdogo kuliko alivyoanza.

Kosa la pili ni shukrani isiyo na jina. “Asante Bwana kwa familia yangu na nchi yangu” ni sentensi unayoweza kuisema umelala. Andika kwenye daftari mambo matatu kila jioni: moja la nyumbani, moja la huku ulipo, moja ambalo hakuna mwanadamu aliyekupa. Kila moja liwe na mtu, mahali na tendo. Badala ya “mama”, andika bidoni la lita 20 alilolipandisha mlimani kutoka bombani kabla hujaamka kwenda shule. Badala ya “Kanisa”, andika katekista aliyekufundisha Baba Yetu akiwa na viatu vilivyojaa matope ya Panzi. Baada ya wiki mbili utaona unarudia yaleyale. Usishtuke wala usiache. Ipe kila wiki mada yake: waliokufundisha kusali, waliokulipia minerval (ada ya shule), njia ulizopita kwa miguu, marehemu, watu uliowahi kugombana nao. Wiki hiyo ya mwisho ni ngumu, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Halafu lugha. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuadhimisha, kufundisha na kuota kwa Kiitaliano, Kireno au Kitagalogi, Kiswahili cha sala kinaanza kukauka. Hutakisahau, ila kitakuwa cha simu na utani tu. Beba Biblia ya karatasi ya Kiswahili, usitegemee ya kwenye simu. Soma zaburi moja kwa sauti kila asubuhi. Kwa sauti, kwa sababu ulimi ndio unaosahau kabla ya kichwa. Mwenye Kimashi, Kihavu, Kirega au Kifuliiru aweke walau sala moja ya usiku kwa lugha hiyo. Mambo mengine mtu aliyasikia kwa bibi yake tu, na kwa Kifaransa hayasemeki.

Kwenye misa kuna jambo linalowasumbua Wakongo wengi ugenini, na afadhali ulijue kabla. Sisi tumelelewa katika misale (kitabu cha misa) ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988. Tunawaita watakatifu na wahenga wenye moyo mnyofu mwanzoni. Toba inakuja baada ya Neno, na amani tunapeana mara baada ya toba, kabla ya matoleo. Ugenini amani inakuja karibu na komunyo, kwa kuinamiana vichwa au kushikana mkono kidogo, na misa ya Dominika huisha kwa dakika 45. Wiki za kwanza mtu husema, “Hawa hawana imani.” Neno hilo ni sumu. Wana imani yenye sauti ndogo. Itafute ilipo: kwa yule mzee anayefungua kanisa saa 12 asubuhi kwenye baridi na hakuna anayemlipa. Ukitaka kuwaonyesha ya kwetu, usivamie. Mwombe paroko Dominika moja kwa mwaka, ile ya Umisioni, inayoangukia Dominika ya pili kutoka mwisho wa Oktoba. Tayarisha wimbo mmoja wa matoleo tu, wenye kiitikio cha maneno manne au matano, na ufanye mazoezi na kwaya yao mara tatu. Wimbo wa beti nane wenye hatua za kucheza utakuacha ukicheza peke yako mbele ya watu wapole wenye aibu. Wala usidhani ni mambo ya kijijini kwetu: Papa Fransisko aliiadhimisha misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na tena tarehe 3 Julai 2022.

Sasa simu, na hapa tutakaa kidogo, maana ndiko wengi walikoumia.

Anayetoka Bukavu anaacha nyumbani kulikowahi kupigwa. Vita vilipoingia mjini Februari 2025, uwanja wetu wa ndege wa Kavumu ulifungwa na benki zikafungwa. Aliyekuwa mbali alibaki na kioo cha simu tu, akipokea sauti 40 za WhatsApp kwa usiku mmoja, nyingi zikiwa zimetumwa na mtu aliyesikia kwa mtu. Utamshukuruje Mungu kwa ajili ya nyumbani ukiwa hujui kama nyumba imesimama? Tumeona njia mbili zikishindwa. Moja ni kuangalia usiku kucha. Kufikia asubuhi huna sala wala nguvu ya utume, na hujamsaidia mtu yeyote. Nyingine ni kuzima simu kabisa kwa jina la kumwachia Mungu. Siku tatu baadaye hofu inarudi imenenepa.

Kinachosaidia lazima kipangwe kabla ya kusafiri, si siku ya milio ya risasi. Chagua watu wawili wa kukupa habari, wasio wa nyumba moja wala mtaa mmoja: mmoja wa familia, mmoja wa parokia au jumuiya yako. Kubalianeni kwamba habari isiyothibitishwa na wote wawili ni uvumi. Siku ya shida waulize maswali matatu tu: nani ameumia, mnalala wapi, mmekula nini. Usiulize nani amefanya nini. Hilo linaweza kumweka hatarini anayejibu, na jibu lake halitabadilisha sala yako. Mpange na siku ya ukimya: mtandao ukikatika, nitasubiri saa 72 kabla ya kuanza kupiga kwa majirani. Ukishapata jibu, funga simu, nenda kanisani au chumbani, usome majina ya walio hai mmoja mmoja. Shukrani ya wakati wa vita ni fupi namna hiyo. Wanaoidharau hawajawahi kusubiri jina lisomwe.

Siku za kawaida nazo zina kanuni zake. Piga mara moja kwa wiki kwa saa iliyojulikana. Bukavu iko saa 2 mbele ya Greenwich mwaka mzima. Roma inakuwa sawa nasi kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kisha inabaki nyuma kwa saa 1. Manila iko mbele kwa saa 6, São Paulo nyuma kwa saa 5. Kwa hiyo saa 1 jioni ya Bukavu, watu wakiwa wamekaa mezani, ni saa 8 mchana Brazili lakini saa 7 usiku Ufilipino. Aliyeko Manila apige saa 12 jioni yake, atawakuta nyumbani saa 6 mchana, ila Dominika awape muda wa kutoka misani. Kupiga kila siku kunaonekana upendo, lakini wiki ya tatu mnabaki kuulizana mmekula nini, na wewe unaanza kuishi kwa saa za Bukavu katika nchi nyingine. Mwili uko kule, roho inachungulia huku, na watu uliotumwa kwao wanaona.

Shirika lako la mtaani, kwa maana ya jumuiya ndogo inayokusanyika nyumba kwa nyumba, liandikie ukurasa mmoja kila miezi mitatu, usomwe baada ya Injili. Taja watu, taja mvua au theluji, taja kilichokushinda. Picha za meza zilizojaa na za uwanja wa ndege usitume. Kwao zitasema jambo ambalo hukulikusudia, na wiki ijayo utapokea maombi ya minerval ya watoto 11.

Hapo tumefika kwenye franga, yaani pesa, jambo lisilosemwa kwenye misa ya kuaga. Familia inajua kwamba mtoto ameenda Ulaya. Haijui kwamba mtawa mwenye nadhiri ya ufukara hana mfuko wake, wala kwamba padiri aliyeazimwa na jimbo anaishi kwa posho iliyoandikwa kwenye mkataba wa maaskofu wawili. Waeleze kabla ya kuondoka, wote wamekaa, na mkubwa wa shirika la kitawa au paroko akiwepo kama inawezekana. Taja kiasi au useme hakuna, usiseme “tutaona”. Anayeruhusiwa kutuma atume kwa mtu mmoja, kwa tarehe moja, kiasi kilekile. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafika, lakini benki zilipofungwa mwaka 2025 noti zilikuwa chache, na wakala akawa anakata zaidi kwa anayetaka pesa mkononi. Ukitaka apate kiasi kamili, uliza kwanza makato ya wiki hiyo. Kwa maoni yetu, shukrani inayolipwa kila wiki kwa kutuma hela imeshakuwa hatia, na hatia haina mwisho wa mwezi.

Chakula. Wengine watasema ni jambo dogo katika maandishi ya imani. Hao hawajakaa Desemba nzima bila sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo.

Kwenye sanduku linaloelekea Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa haviruhusiwi, kwa hiyo jibini ya Masisi itabaki kwa maafisa wa forodha. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20, basi sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, wapite, wakiwa wamekaushwa vizuri na kufungwa mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Majani mabichi bila cheti cha afya ya mimea hayapiti. Usihangaike: sombe iliyogandishwa inauzwa kwenye maduka ya Kiafrika, na Brussels mtaa wa Matonge unaipata bila kutafuta. Kilo 1 itawatosha watu sita au saba. Itie kwenye lita moja na nusu ya maji, uchemshe bila mfuniko kwa saa nzima ili ile sumu ya mihogo itoke na mvuke. Pakiti nyingi zina majani yaliyokatwakatwa badala ya kutwangwa. Hizo zipe nusu saa zaidi. Kisha vitunguu, puaro (liki), pilipili tamu, na dakika 25 za mwisho mililita 150 hadi 200 za mawese. Mawese usiyachome kwanza kwenye sufuria kavu kama wengine wanavyofanya nyumbani. Moshi wake unaamsha king'ora cha dari, na jumuiya nzima itasimama nje kwa nguo za kulalia ikiuliza Mkongo anapika nini.

Fufu (ugali wa mihogo): lita 1 ya maji kwa gramu 600 hivi za unga, watu wanne. Unga wa mihogo ukikosekana, changanya semolina ya ngano vipimo viwili na unga wa viazi kipimo kimoja. Si kitu kilekile, ila kinashika mboga. Jiko la kioo halivumilii mwiko. Ukisonga kwa nguvu sufuria inateleza au kioo kinapasuka, kwa kuwa hapo huna mbabula (jiko la makaa) ya kukanyagia. Teremsha sufuria chini juu ya kitambaa kilicholowa, uishike kwa mguu, usonge.

Usile peke yako chumbani. Sombe inayoliwa mlango umefungwa inaongeza upweke. Tumeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Ipike siku ya mtakatifu somo wa parokia yako ya Bukavu, uwaalike wenyeji wanne, na kabla ya kula useme kwa maneno mawili leo nyumbani wanasherehekea nini. Waambie na habari ya sambaza, watacheka: samaki huyo hakuwa wa Kivu. Alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akamwagwa kwenye maji yasiyo yake, akazaa, akalisha Bukavu na Goma hata hakuna anayemwita mgeni. Na jina lake ni sambaza.

Baridi na giza tutapita haraka. Bukavu jua linachwa karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Desemba ya Ubelgiji linazama kabla ya saa 11. Ukiona huna hamu ya sala, usingizi umeharibika na kila kitu ni kizito, usikimbilie kusema umepoteza wito. Toka nje nusu saa kila mchana, hata kukiwa na mawingu, umwambie daktari akupime vitamini D, maana ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Kiongozi wa roho anayejua kazi atakuuliza kwanza unalala saa ngapi.

Liko jambo ambalo watu huligundua wakiwa mbali tu: imani tunayoishukuru kama ya nyumbani ililetwa na watu waliokuwa mbali na kwao. Wamisionari Waksaveri walifika Kongo mwaka 1958 kutoka Italia. Tarehe 28 Novemba 1964 Vittorio Faccin na Luigi Carrara waliuawa katika mji wa Baraka, na Giovanni Didonè pamoja na padiri Albert Joubert waliuawa Fizi, siku hiyohiyo. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hao Waitaliano watatu nao walikuwa na mama aliyengoja barua. Mwaka 1957 Papa Pius XII, katika waraka wake Fidei Donum, aliomba maaskofu waazime mapadiri kwa ajili ya Afrika; leo mapadiri wa Bukavu wanaazimwa kwenda kusomea misa wajukuu wa hao waliowaazima. Na kunyimwa nyumbani tunakujua pia. Askofu mkuu Kataliko alizuiwa kurudi Bukavu mwaka 2000, akakaa Butembo miezi kadhaa, akarudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafia Roma. Ukitumwa Italia, uliza kama kijiji cha mmoja wa wale wenye heri kiko karibu, uende siku moja kwa basi, ukaseme aksanti kwa ndugu waliobaki. Hakuna somo la umisioni tulilolisikia darasani lililoingia hivyo.

Likizo ya kurudi mara nyingi inakuja baada ya miaka miwili au mitatu. Tiketi nyingi zinaruhusu mizigo miwili ya kilo 23, na kilo hizo zitajaa maombi ya watu kabla hujanunua chochote. Kavumu ikiwa imefungwa, wengi hupitia Kigali na Kamembe, Rwanda, kisha daraja la mpakani la Ruzizi kwa miguu, kwa hiyo masanduku yawe na magurudumu yanayozunguka kweli. Weka nafasi ya karatasi moja: majina ya watu 10 au 12 wa huko waliokupokea. Yule mzee wa funguo za kanisa, mwanamke aliyekufundisha kununua koti, mtoto aliyekusahihisha lugha bila kucheka. Wape wa shirika lako la mtaani, wayasome kwenye maombi ya waamini wiki ya kwanza ukiwa nyumbani. Yataharibika mdomoni. Mama msomaji atasimama kwenye jina la tatu, atakutazama, utamsaidia silabi, ataendelea.